Mrejesho: krediti za kaboni na boila yetu

Niliwauliza kama krediti za kaboni zingelipia ukarabati wa boila kiwandani kwetu, Industrial Area. Asanteni mlionijibu. Hesabu imegoma.

Krediti moja ni hati ya kuuza inayowakilisha tani moja ya kaboni dioksidi iliyozuiwa kuingia hewani, na lita moja ya mafuta mazito ikiungua hutoa kama kilo 3. Hata tukiokoa lita 100,000 kwa mwaka, ni krediti 300 hivi. Gharama za ukaguzi wa kuthibitisha krediti hizo zinazimeza. Kuokoa umeme ndio kabisa, maana mwingi wa Kenya ni wa jotoardhi, maji na upepo, hivyo kaboni ya kupunguza ni kidogo. Halafu mkaguzi atauliza: kama akiba ya mafuta inajilipa, krediti za nini? Ana haki, maana krediti ni za mradi ambao bila hizo usingefanyika.

Tumeanza na kufunika mabomba ya mvuke, yaliyokuwa wazi hadi rangi ya ukuta ikababuka. Krediti tutazirudia tukipata viwanda vya kuungana navyo.