Kukagua rangi ya gari la mkononi: macho, sumaku, kipima rangi au fundi?

NeemaK (Dar es Salaam)
Wakuu, habari za leo. Nimepata Toyota IST namba D, silva, inauzwa na mwenyewe huku Tabata, milioni 11. Anasema rangi ni ya kiwandani na gari halijawahi kugusa kitu. Ila linang'aa mno kwa umri wake, na hapo ndipo roho yangu inasita. Nimeshauriwa njia nne: nikague kwa macho, nitumie sumaku, niazime kipima rangi (kifaa cha kupima unene wa rangi), au nimlipe fundi rangi twende naye. Ipi inamfaa mtu ambaye hela yake ni hiyo hiyo tu?

Mzee wa Yadi
Dada Neema, anza na macho. Nenda saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini. Gari likiwa na maji ya kuoshwa usilikague, subiri likauke, maji yanaficha mikwaruzo na mabonde. Chuchumaa kwenye kona ya taa ya nyuma, tupa jicho ubavuni kuelekea mbele. Kivuli cha ukuta kwenye bati zima kinanyooka. Kwenye bati lililopigwa puti (ule ujiji wa kujazia mabonde kabla ya rangi) kinayumba.

Kisha fungua milango na upitishe kucha kwenye fremu na pembeni mwa mipira. Ukigusa kijiukingo cha rangi, au ukiona vumbi la rangi juu ya mpira, hapo palizibwa kwa gazeti na tepu wakati wa kupuliza. Tazama pia vichwa vya bolti za fenda na boneti. Rangi ikiwa imevunjika kwenye kichwa, bolti hiyo imeshafunguliwa.

FundiBodi_Mwanza
Mzee kasema kweli, ila mimi napuliza rangi kwa riziki yangu na nakuambia macho yanadanganywa. Silva ni rangi ngumu kufananisha, kwa hiyo fundi mzuri akirekebisha mlango huivuta rangi hadi kwenye fenda ya jirani ili mpaka usionekane. Hapo wewe huoni kitu.

Sumaku nayo ina kazi moja tu: kuonyesha puti nene. Ifunge kwa kitambaa laini usikwaruze gari la watu, ipitishe taratibu, na pale inaposhika kwa ulegevu tia shaka. Bati lililopakwa upya bila puti sumaku italishika vizuri kabisa.

Otieno_Nrb
Hiyo ndiyo iliniumiza. Nilinunua gari hapa Nairobi kwa kuamini sumaku. Ilishika kila mahali, nikalipa. Baada ya miezi michache klia (tabaka angavu la juu ya rangi) ikaanza kubanduka juu ya paa kama ngozi iliyoungua.

Azima kipima rangi, dadangu. Rangi ya kiwandani mara nyingi husoma kati ya mikroni 80 na 150 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Ukipata 200 au 300, imerudiwa. Ikipita 500, kuna puti chini. Lakini usishike namba moja pekee: pima paa kwanza, kwa kuwa paa huguswa mara chache, halafu linganisha na paneli zingine, sehemu tano au sita kila paneli. Bampa ni plastiki, sumaku na kipima cha kawaida havikusaidii hapo. Na kuna magari yenye boneti ya alumini, Prius kwa mfano. Tafuta kipima kinachosoma chuma na alumini.

BintiUnguja
Mie naongeza la huku kwetu pwani. Inama utazame chini ya milango na ndani ya matao ya magurudumu. Vipele vidogo chini ya rangi mpya ni kutu inayofanya kazi. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari kuukuu inanitia wasiwasi kuliko mkwaruzo wa wazi.

Mzee wa Yadi
Tusimtishe lakini. Gari la mjini kurudiwa rangi bampa au mlango ni kawaida, bodaboda zinakwaruza kila siku. Hilo ni la kupunguziana bei tu.

NeemaK
Nimerudi kutoka Tabata, asanteni sana. Paa mikroni 104. Milango 98 hadi 121. Boneti 230. Ubavu wa nyuma kulia, juu ya tairi, 640.

FundiBodi_Mwanza
Boneti isikusumbue. Huo ubavu ndio wa kuuliza. Fenda ya mbele inafungwa kwa bolti, ya nyuma, yaani huo ubavu, imechomelewa na bodi. Ikigongwa sana inakatwa. Ulifungua buti na kuinua zulia? Linganisha gundi ya maungio kulia na kushoto. Ya kiwandani inafanana pande zote.

NeemaK
Niliinua. Kushoto imepita sawasawa. Kulia imepakwa kwa kidole, na bati karibu na spea lina mikunjo iliyopigwa nyundo. Nilipomwonyesha, kaka yule akasema aliyemuuzia hakumwambia. Nimemshukuru, siendelei. Jumamosi naenda kuona nyingine Kimara, na safari hii namlipa fundi twende pamoja, maana la zulia peke yangu nisingejua maana yake.

FundiBodi_Mwanza
Mwambie aje na tochi. Na aanzie huko huko kwenye buti.