Matangazo ya TV mliyoyapima darasani, tupeane uzoefu

Ticha wa Malindi
Jamani hamjambo. Nafunza sayansi gredi ya 8 huku Malindi, juzi watoto walinibana, ati ticha hii sabuni ya unga kwa TV yatoa doa mara moja mbona nyumbani haitoi? Nikawaambia basi tupime. Tukachana shuka jeupe kuukuu vipande sawasawa, kila kimoja kijiko kimoja cha mchuzi wa bizari, tukaacha usiku kucha. Sabuni tatu nikazimimina kwenye makopo ya siagi nikaandika A, B, C basi, maana wangejua ya TV ni ipi wangeishangilia kama timu ya mpira. Kipande cha nne maji matupu.

Sasa sabuni ilipogusa lile doa, manjano ikawa nyekundu kama damu, darasa zima mayowe! Bizari ya manjano hugeuka ikikutana na alikali, yaani besi, na sabuni nyingi ni alikali, tukakamulia ndimu ikarudi manjano, nikapata somo la asidi na besi bila kupanga. Lakini doa lenyewe halikutoka, si A si B si C. Tukavianika vyote uani, siku mbili za jua la Malindi mnalijua, vyote vikafifia hata kile cha maji matupu. Ningekosa kukiweka hicho cha nne ningempa mwenye sabuni sifa za jua. Haya, nyinyi je?

BintiShela
Mimi kwetu Amu (Lamu), zamani nikiwa fomu 3. Kulikuwa na tangazo la sabuni ya mche, povu jiiingi mpaka mama wa kwenye tangazo hamuoni uso. Tukachukua maji ya mvua na maji ya kisima cha nyumbani (ya chumvi, chai yake mtihani), tukadondosha maji ya sabuni na kutikisa. Ya mvua matone 5 povu limejaa, ya kisima nilifika 30 bado ni ule utando mweupe tu kama maziwa yaliyokatika. Madini ya kalisi na magnesi kwenye maji zinaila sabuni kabla haijafika kwa nguo. Tukajaribu na ya unga ikatoa povu kwa maji yote mawili. Kwa hivyo tangazo si uongo, ila walilipiga kwa maji yao.

MwanaMvuvi
Betri za tochi. Tulinunua za bei rahisi na zile "zinazodumu", tochi mbili aina moja, tukaziwasha pamoja tukapeana zamu ya kuangalia, mimi nikalala kwa zamu yangu walahi, tukaanza upya 😂 Za bei kali zilikaa kama mara 3. Bei yake mara 5. Babangu akasikia akasema aah, na mimi nikiwa baharini usiku nataka nini, rahisi ama inayowaka?

Yule wa Mokowe
Hamjasikia ya wasichana wawili wa skuli New Zealand? Miaka 14, mwaka 2004 walipima Ribena, kile kinywaji cha matunda, kwa jaribio la darasani, wakakuta ile ya kunywa moja kwa moja karibu haina vitamini C, na tangazo lilijigamba ati tunda lake lina mara 4 ya chungwa. Kampuni ikawapuuza. 2007 kampuni hiyo, GlaxoSmithKline, wakakiri makosa 15 mahakamani, faini zaidi ya dola laki mbili za huko. Mjanja ni lile neno, TUNDA lina, hakusema chupa ina. Sie skuli tulitumia dawa ya maabara ya bayolojia, DCPIP ya bluu, unadondosha juisi mpaka rangi ipotee, ikihitaji matone machache ndio vitamini ni nyingi. Ndimu ya sokoni ilimaliza kazi haraka, juisi ya boksi tulidondosha mpaka mkono ukauma.

Mama Swaleh
Na asali? Muuzaji aliniwashia njiti ya kiberiti iliyochovywa, ikawaka, ndio "ya nyuki haswa".

Ticha wa Malindi
Mama Swaleh hiyo ya kiberiti haithibitishi kitu, yaonyesha tu kama maji ni mengi, na sukari iliyochemshwa ikawa nzito nayo itawaka. Iodini itakuonyesha kama ametia wanga, ikigeuka bluu-nyeusi umeibiwa, lakini sukari haiioni. Mimi za muhula ujao nataka dawa ya mbu ya kuchoma, ila sijui nitawapata wapi mbu watakaokaa kwa chupa wakingoja kengele.

BintiShela
Njoo Amu msimu wa mvua ticha, utachagua.