Naombeni ushauri: niache kazi ya stesheneri nichore katuni za mtandaoni?

Penseli HB

Wakuu, habari za jioni. Naenda kwenye mada moja kwa moja.

Mimi ni kijana wa Mbagala, nimeajiriwa kwenye stesheneri moja Kariakoo. Nasanifu kadi za harusi, fulana za misiba, mihuri, mabango ya saluni. Mshahara laki tatu na nusu, nauli na chakula cha mchana vinatoka humohumo. Usiku nachora katuni kwenye tableti na kuzitupia Instagram na kwenye chaneli ya WhatsApp. Ni hadithi ya konda wa daladala na mama ntilie anayemdai. Kila Jumapili sehemu moja, paneli nane hadi kumi. Watu wanacheka, wanatag wenzao, wanauliza sehemu ijayo lini. Juzi nimeikuta kwenye grupu la ukoo, imetumwa na mjomba aliyeko Songea ambaye hajui kama ni mimi, jina langu limekatwa pale chini.

Tatizo ni hela. Wafuasi elfu kumi na moja na sijaingiza hata ya bando. Rafiki yangu anasema niache kazi nijikite huku, eti Wakorea wanajenga nyumba kwa katuni za kwenye simu. Mama anasema nikiacha kazi nisipeleke mke na mtoto kwake.

Kuna mtu anaishi kwa kazi hii? Natanguliza shukrani.

mchora_ukuta

Msikilize mama. Uzi ufungwe.

Mzee wa Gerezani

Kijana, hongera kwanza. Konda na mama ntilie ni watu tunaowajua, hapo umeanza vizuri.

Sisi tuliokua na gazeti la katuni la Sani tuliwajua Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge kuliko tulivyowajua mawaziri. Gazeti moja lilisomwa na mtaa mzima mpaka linachanika. Lakini angalia hela ilikotoka: kuna mtu alimpa muuza magazeti sarafu kabla ya kucheka. Katuni ya Kingo ya James Gayo vilevile, gazeti liliuzwa. Mchoraji Gado alitoka hapa akaenda Nairobi mwaka 1992, akaajiriwa na gazeti la Nation, maana yake mshahara wa kila mwezi. Masoud Kipanya, katuni zake nani hazijui? Na bado asubuhi ulimsikia redioni, mwaka 2022 akatuonyesha na gari la umeme. Sisemi katuni hazimlipi. Nasema mtu maarufu kiasi kile hakusimama kwenye penseli peke yake.

Wewe umeondoa muuza magazeti katikati, na sarafu imeondoka naye. Hilo ndilo la kutafutia dawa, mambo ya wafuasi baadaye.

Kijana wa Intaneti

Mzee, hayo ya magazeti yameshapita. Mkuu, fungua Webtoon, programu ya kusomea katuni kwenye simu. Kampuni ya Naver waliianza huko Korea tangu 2004, toleo la Kiingereza likaja 2014, na mwaka 2024 kampuni imeingia soko la hisa la Nasdaq. Dunia nzima inasoma. Tafsiri hadithi yako kwa Kiingereza, upige dola.

Tanga Line

@Kijana wa Intaneti, umemwambia nusu. Mule ndani kuna milango miwili. Mmoja unaitwa Canvas, yeyote anaingia na kupandisha kazi yake bure, na mgao wa matangazo unaanza ukishafikisha wasomaji wa kutosha. Wa pili ni Originals, hao ndio wana mkataba na wanalipwa kwa kila sehemu. Wale Wakorea wa kujenga nyumba wako mlango wa pili, tena wengi wana wasaidizi wa kupaka rangi na kuchora mandhari, kwa sababu ratiba ni kila wiki na sehemu moja ina paneli kadhaa zenye rangi kamili. Huyu anatoka Kariakoo saa mbili usiku. Atachora saa ngapi, atalala saa ngapi?

Halafu Kiswahili hakimo kwenye lugha za ile programu. Mzaha wa konda ukiutafsiri unabaki na nini? "Shusha" na "twende suka" utaziandikaje kwa Kiingereza mtu wa Ohio acheke?

NairobiKwetu

Ndugu Penseli, salamu kutoka Nairobi. Mimi huchora pia, ingawa si kila siku. Nina wasomaji wachache, wengi wako nje, wanaonilipa kila mwezi kupitia Patreon, mtandao wa mashabiki kumchangia msanii. Si pesa ya kulipa nyumba, lakini inalipa intaneti na stima. Kilichonisaidia ni kwamba huku PayPal, ile huduma ya malipo ya mtandaoni, inapokea, na tangu 2018 unaweza kuitoa moja kwa moja hadi M-Pesa.

Penseli HB

@NairobiKwetu asante kaka. Sasa huku kwetu?

NairobiKwetu

Huko akaunti ya PayPal hutuma tu, haipokei. Ko-fi, mtandao mwingine wa kuchangia wasanii, nayo hutegemea PayPal ama Stripe, na Stripe, huduma nyingine ya malipo, haijafika kwenu (wala kwetu). Wenzangu wa Tanzania hupokea hela ya Patreon kwa Payoneer, huduma nyingine ya malipo. Kickstarter, mtandao wa kuchangisha hela za mradi, usiihesabu kabisa, haipokei miradi ya watu wa nchi zetu. Inauma, kwa sababu ndiko mchoraji kama Rich Burlew wa Marekani alikopata zaidi ya dola milioni 1.2 mwaka 2012 ili achapishe upya vitabu vya katuni ambayo watu walikuwa wanaisoma bure mtandaoni tangu 2003. Wasomaji walilipia kitabu cha kushika mkononi.

Tanga Line

Sasa hapo ndipo nilipotaka tufike. Mkuu, achana na dola kwa muda. Umewahi kuwaangalia watunzi wa simulizi wa Facebook? Wale wanakuwekea sehemu ya kwanza mpaka ya kumi bure. Ya kumi inaishia mlango umefunguliwa na mume kaingia. Ukitaka kuendelea, tuma buku au buku mbili kwenye namba hii, utaingizwa kwenye grupu la WhatsApp. Watu wanatuma! Dada yangu mwenyewe, ambaye hanunui gazeti, anatuma. Hakuna kadi ya benki, hakuna fomu za Marekani, hela inaingia kwenye simu hapohapo na jina la aliyetuma linaonekana.

Katuni inaweza kwenda njia hiyohiyo, ila si paneli moja moja, maana picha moja mtu anapiga skrinishoti na imeisha. Ya Jumapili iache bure, hiyo ndiyo inakutangaza. Uza toleo: visa vya mwezi mzima pamoja na kimoja ambacho hakijatoka popote, PDF moja, shilingi 1,000 kwa Lipa Namba. Watavujisha? Watavujisha. Aliyelipa leo atalipa tena mwezi ujao kwa sababu anataka kuwa wa kwanza kujua, na aliyepata cha kuvuja hakuwa mteja wako toka mwanzo.

Usipige hesabu kwa wafuasi elfu kumi na moja, utajidanganya. Piga kwa watu 150. Hiyo ni 150,000 kabla ya makato, karibu nusu ya mshahara wako. Wakifika 350 na wakakaa hapo miezi kadhaa bila kushuka, rudi humu tuongee habari ya kuacha kazi.

Na jina lako usiliweke chini kwenye ukingo. Liweke ndani ya mchoro, kwenye ubavu wa daladala, kwenye kanga ya mama ntilie. Mjomba wa Songea hataweza kulikata.

mchora_ukuta

Hilo la kwenye kanga nimelipenda. Naiba.

Dada wa Miradi

Nimechelewa kuuona uzi. Nafanya kazi upande wa mawasiliano kwenye miradi ya afya, na niwaambie kitu: wachoraji ninaowajua mimi wanaoishi kwa katuni wengi hawalipwi na wasomaji. Wanalipwa na anayetaka kuwafikia wasomaji. Mradi unataka hadithi ya picha kuhusu chanjo, benki inataka kueleza mikopo, halmashauri inataka bango la kipindupindu. Hata Shujaaz, katuni ya vijana ya Kenya, iliyoanza 2010 na kuchukua tuzo ya Emmy ya kimataifa, vijana walikuwa wanaipata bure. Gharama zilibebwa na wafadhili.

Kwa hiyo katuni yako ya Jumapili ichukulie ni sampuli inayojitembeza yenyewe. Weka barua pepe ya kazi kwenye wasifu wako, siyo "njoo DM". Tafuta TIN, namba ya mlipakodi, maana bila hiyo taasisi nyingi haziwezi kukulipa hata zikikupenda. Malipo dai nusu kabla ya kuanza. Na andika idadi ya masahihisho. Mimi nipo upande wa wateja na nakwambia tutakusumbua.

Penseli HB

Wakuu, sikutegemea majibu ya namna hii. Kazi siachi kwa sasa, mama nimeshamwambia. Toleo la kwanza nalianza mwisho wa mwezi.

Dada wa Miradi, umenigusa penyewe. Kuna kampuni moja ya vinywaji (siitaji) imenifuata wiki hii. Wanamtaka konda wangu kwenye tangazo, wanatoa laki nne. Mkataba una sentensi inasema "haki zote za mhusika zitakuwa mali ya kampuni". Laki nne kwangu ni zaidi ya mshahara. Nisaini?

Dada wa Miradi

Hapana! Ukisaini hivyo, Jumapili inayofuata ukimchora konda unakuwa umeingilia mali yao, na lile toleo la buku ulilopanga kuuza nalo limekufa.

Waambie unawapa ruhusa ya kumtumia, humuuzi. Iandikwe ni tangazo gani, linatoka wapi, kwa muda gani, mfano miezi sita, na wakitaka kuendelea wanalipa tena. Mhusika anabaki wako. Kampuni inayojua kazi haishangai kuombwa hivyo. Ikitaka kumnunua moja kwa moja, hiyo ni bei nyingine kabisa na laki nne haifiki hata mlangoni. Kabla ya kurudi mezani pita COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uulizie kusajili kazi zako, uwe na karatasi ya kuonyesha konda alianza lini na kwa nani.

Usisaini wiki hii. Waombe mkataba kwa barua pepe, ufute majina yote, uubandike hapa tuusome kifungu kwa kifungu.