Gofu la Mavisbank: lijengwe upya kwa fedha za umma au liachwe lilivyo?

Wadau, naomba tulijadili hili. Mavisbank ni jumba la miaka ya 1720 karibu na Loanhead, kusini mwa Edinburgh, Uskoti. Mwenyewe, Sir John Clerk, alilibuni pamoja na msanifu William Adam. Moto wa mwaka 1973 uliliteketeza. Zimebaki kuta na ule uso wa mbele uliojaa nakshi za mawe. Mwaka 2024 shirika la Landmark Trust, linalofufua majengo ya kale na kuyapangisha kwa wageni wa mapumziko, lilitengewa pauni milioni 5.3 za mfuko wa urithi wa taifa ili kulinusuru.

Wanaopinga wanatoa mfano wa Penicuik House, jumba la ukoo huohuo lililoungua mwaka 1899. Kuta zake ziliimarishwa, likaachwa gofu, na watu wanakwenda kulitazama. Hoja hiyo ina uzito, ila siiafiki. Ukuta usio na paa kwenye mvua za kule haupumziki: chokaa inalowa, maji yanaganda ndani ya nyufa, jiwe linapasuka. Hata gofu linahitaji fundi na pesa mwaka hadi mwaka.

Linaloniuma mimi ni jingine. Ukoo wa Clerk ulikuwa na migodi ya makaa ya mawe hapo hapo Loanhead. Kwa sheria ya 1606, mchimba makaa wa Uskoti hakuweza kumwacha bwana wake bila kibali. Akitoroka alihesabiwa mwizi, na bwana alikuwa na haki ya kumdai arudishwe. Minyororo hiyo ilikatwa kabisa mwaka 1799 tu. Wake na mabinti ndio waliopandisha makaa, kikapu mgongoni, mkanda kipajini, ngazi baada ya ngazi, mpaka sheria ya 1842 ilipowatoa chini ya ardhi. Nakshi zile wamezilipia wao.

Kwa hiyo nasema lijengwe, lakini kwa masharti. Habari za wachimbaji zipewe chumba kizima ndani ya jumba, si kibao getini. Na wakazi wa Loanhead wawe na siku zao za kuingia bure, kila mwezi, hata kama wageni wanalipa vizuri.

Anayeona masharti haya yatakwamisha mradi, alete hoja yake.