Ukiondoa "amini hivi au utoke", imani hubaki?

FundiChavakali:
Mulembe wote. Nashona sare za shule na kanzu za kwaya hapa Chavakali, kwa hivyo wateja wangu ni wa kila kanisa. Jumapili iliyopita mchungaji wetu aliwasimamisha kina mama waliokesha kwenye matanga ambako isukuti, ngoma yetu ya Kiluhya, ilipigwa, akataka watubu mbele ya watu. Mimi nilikataa, marehemu alikuwa shemeji yangu. Mzee wa kanisa akaniambia ukianza kuchagua la kuamini, mwishowe utaacha yote. Lakini bado naomba, na fungu la kumi natoa. Kwani mtu hawezi kumwamini Mungu bila kumeza kila neno la mchungaji?

Mzee wa Kaimosi:
Pole kwa msiba, binti yangu. Sisi Friends, yaani Quakers, tuliletewa injili hapa Kaimosi mwaka 1902 na Wamarekani watatu, na hatuna Nasadiki, yaani maneno rasmi ya imani, ya kukariri. Ungedhani basi hakuna wa kumfukuza mwenzake. Wapi! Uamsho wa 1927 ulipowaka, watu wakawa wanaomba kwa sauti kuu na kuungama dhambi hadharani. Wazee wakawakataa, na huko ndiko yalikotoka makanisa ya Roho, hao unaowaona na vilemba vyeupe. Ukaidi wa kufukuzana hauhitaji imani iliyoandikwa. Mama watoto wangu ni Mkatoliki. Kila Jumapili anakariri Nasadiki, maneno yaliyoanzia kwenye mtaguso wa Nikea mwaka 325, na sijamsikia akimuuliza jirani anasali wapi kabla ya kumpelekea uji.

Mwalimu_Nakuru:
Mzee, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe kabisa. Tazama msitu wa Shakahola kule Kilifi, 2023. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Neno la mhubiri mmoja lilikuwa ndiyo sheria. Fundisho lililoandikwa, ambalo hata mchungaji yuko chini yake, humpa muumini pa kusimama akasema hapana. Dada, usilitupe. Muulize mchungaji kuomboleza kwa ngoma kumekatazwa wapi, akuonyeshe mstari.

FundiChavakali:
Nilimuuliza palepale, mwalimu. Akasema hicho ni kiburi, kwaya ikaanza kuimba. Ijumaa anakuja kuchukua kanzu zao na salio hajamaliza. Nitamuuliza tena akiwa peke yake, Biblia iko hapa mezani karibu na cherehani.

Mzee wa Kaimosi:
Salio kwanza, binti yangu.