Mama anataka kwenda Kibuye kila jioni

Nahudumu kwenye makao ya wazee hapa Kisumu. Kuna mama mwenye dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Ikifika saa 11 jioni anang'ang'ania mlango, eti aende soko la Kibuye kuuza omena (dagaa). Nikimwambia aliacha soko zamani, analia upya. Nifanyeje?

Jibu: Usimsahihishe, dada. Muulize omena leo ni pesa ngapi. Keti, macho yenu yalingane, sema jambo moja, kisha ngoja, jibu huchelewa. Na kama kuna redio inalia, izime!

Jibu: Kiswahili chenyewe bado anakielewa? Nyanya yangu alibaki na Kiluhya tu.

Muulizaji: Kumbe! Jana nilimwambia "Oimore, Mama", yaani habari za jioni, Kijaluo changu kibovu hivyo. Alicheka, akanipimia gorogoro nzima (lile kopo la kupimia sokoni) ya hewa. Mlango akausahau.