Kamera ya kurekodi papa potwe kwa laki saba: ninunue ipi?

Mwana wa Kilindoni
Habari zenu wakuu. Niko Mafia, napeleka wageni kwa boti kuogelea na papa potwe, msimu wetu wa Oktoba hadi Machi. Wageni wanaomba video, na wengi hawathubutu kuingiza simu zao baharini. Nimetenga laki saba. Mfuko wa plastiki wa simu unatosha, au nichukue GoPro, zile kamera ndogo za michezo? Niongeze na taa na filta nyekundu? Mwenye uzoefu anisaidie.

Binti Nungwi
Kaka, mimi kazi yangu ni kurekodi wazamiaji huku Nungwi, na swali lako nimelipenda kwa sababu unajua unachotaka kurekodi. Wengi wananunua kwanza ndipo wanafikiria.

Taa achana nayo. Papa potwe anakuja Kilindoni kula, maji yamejaa vidudu anavyovichuja. Ukimulika, mwanga unagonga hivyo vidudu kabla ya kumfikia yeye, na video inajaa vidoa vyeupe. Halafu flashi inamsumbua mnyama. Filta nyekundu nayo ni ya anayezamia na mtungi, kuanzia mita tano hivi kwenda chini, ambako maji yameshameza rangi nyekundu. Wewe uko juu juu. Ukiivalisha, wageni wako watatoka wekundu wote.

Mfuko wa simu sikushauri. Kioo cha kugusa hakisikii kidole kikiwa majini, unabaki unahangaika na vitufe vya sauti huku potwe anapita. Na mfuko ukitoboka, simu imekwenda.

Pesa yako itafute GoPro iliyotumika. Toleo la Hero5 na Hero za namba zilizofuata zinavumilia kina cha mita 10 bila kava la kuzuia maji, na wewe hufiki huko. DJI Osmo Action 4, kamera nyingine ya aina hiyo, inafika mita 18, ukiipata kwa bei yako ichukue. Usimalize hela yote kwenye kamera: bakiza ya betri mbili za akiba, kadi ya kumbukumbu yenye alama ya V30 (ina kasi ya kutosha kuhifadhi video), na mpini unaoelea, wa rangi ya chungwa. Mpini huo ni lazima. Kamera ikikuponyoka kwenye maji yale ya ukungu, hutaiona tena.

Kingine ni ukaribu. Lenzi hizi zinaona pana sana, ukisimama mbali potwe wa mita nane anaonekana kama dagaa. Lakini usimfukuze wala usimguse. Tangulia mbele, kaa pembeni ya njia yake, jua liwe mgongoni kwako, tulia. Atapita mwenyewe, na utapata madoa ya mgongoni na chazo, wale samaki wanaonata, walioganda tumboni bila kupiga mkono hata mmoja.

Mzee wa Pwani
Naongezea kidogo. Kama baadaye utataka picha za vitu vidogo, konokono wa matumbawe na kamba, angalia Olympus Tough TG-6. Mita 15 bila kava, na inapiga kitu kikiwa karibu kabisa na lenzi. Ila kwa laki saba sidhani.

Mwana wa Kilindoni
Shukrani sana dada, na wewe mzee wangu shikamoo. Navuka Dar wiki ijayo, nitapita Kariakoo. Hiyo ya mtumba nitajuaje kama haiingizi maji?

Binti Nungwi
Mwambie muuzaji afungue mlango wa betri mbele yako. Tazama mpira unaozunguka ukingo wake: ukiwa na mpasuko, umelegea au una chembe ya mchanga, maji yataingia. Angalia na vyuma vya betri, kijani au weupe wa chumvi ni dalili kwamba bahari ilishaingia humo. Hiyo iache, hata akupunguzie nusu bei.

Hata ikionekana nzima, mimi ningeinunulia kava. Siku ya kwanza lizamishe bila kamera, ndani uweke tishu na jiwe lisielee. Tishu ikitoka kavu, weka kamera. Lifunge asubuhi kukiwa na ubaridi, na utupie vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja kwenye boksi za viatu, kioo kisishike mvuke. Ukirudi pwani, loweka kila kitu kwenye ndoo ya maji yasiyo na chumvi, ukaushe kabisa, ndipo ufungue.